Zorki-4: taswira mbili hazikutani ninapolenga mbali

Swali:
Ndugu wanajukwaa, nina kamera ya filamu aina ya Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50, niliyoachiwa na marehemu babu. Nikilenga mnara wa simu ulio mbali sana, lenzi ikiwa imezungushwa hadi mwisho, nikichungulia kwenye dirisha la kulengea, ambako taswira mbili za kitu kimoja hupaswa kuungana lenzi ikilengwa sawasawa, ile hafifu hubaki kushoto na juu kidogo ya ile kuu. Je, naweza kuirekebisha mwenyewe?

Jibu la 1:
Unaweza, ila hakikisha kwanza kwamba kosa si la lenzi. Ondoa kifuniko cha nyuma, laza karatasi nyembamba ya kunakilia michoro pale filamu inapopita, kokisha shata (vuta pazia linaloruhusu mwanga kufikia filamu liwe tayari kufyatuka) ndipo uchague B, yaani shata hubaki wazi kadiri unavyoshikilia kitufe (ukitanguliza kuchagua unaweza kuharibu mtambo), kisha shikilia kitufe na utazame kwa kioo cha kukuzia. Mnara ukionekana bila ukungu, lenzi ni nzima.

Jibu la 2:
Naongezea. Mbele ya kamera, karibu na dirisha dogo la duara, kuna skrubu ya kuzibia. Ndani yake imo ya kurekebishia kosa la mlalo, yaani la kushoto na kulia, nayo huizungushi hata robo mzunguko kwa mara moja. Kosa la juu na chini hurekebishwa kwa kuzungusha pete ya dirisha hilo, lakini pete ikisogea na mlalo nao husogea, kwa hiyo utarudia zote mbili. Nakusihi utumie bisibisi ya fundi saa, maana vichwa vya skrubu hizo hulika upesi.

Mwuliza swali:
Nashukuruni sana. Karatasi imeonyesha mnara vizuri, hivyo naanza na pete.