Naomba ushauri: sarafu za shaba za Bizanti zilizoliwa na kutu

Ndugu wanajamvi, nina sarafu tatu za shaba za Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, zilizogandamana na udongo. Kubwa kuliko zote ina herufi M, yaani thamani ya numi 40 (numi ni kipimo kidogo kabisa cha fedha za dola hiyo), chini yake CON ya Konstantinopoli, na ubavuni ANNO, neno lililoanza kuwekwa pamoja na mwaka wa utawala wakati wa mfalme Justinian wa Kwanza. Bahati mbaya tarakimu zimefunikwa na uso wa mfalme umelika. Nitamtambuaje mfalme huyo?

Nimeziloweka wiki tatu katika maji yaliyokenekwa, nikiyabadilisha mara kwa mara. Siki na limau sithubutu, kwani asidi hula hata utando unaoihifadhi shaba. Kinachonitia hofu ni unga wa kijani hafifu unaorudi kila nikiufuta. Ikiwa ni kloridi, yaani chumvi inayoendelea kuila shaba, je, niziloweke katika sodiamu seskwikaboneti, chumvi ya kuiondoa kloridi hiyo, au kwanza nichokonoe kwa kijiti chini ya lenzi?