Majani ya tembo: mafuta ya gari au malisho ya ng'ombe?

Ndugu zangu, wanaotetea kilimo cha majani kwa ajili ya nishati husema kwamba majani ya tembo, ambayo Kenya huitwa nepia na Tanzania hujulikana pia kama mabingobingo, hayaliwi na binadamu, huchipua tena kila yakikatwa, na kwa hiyo hayashindani na chakula kama mahindi yanavyoshindana. Hoja hiyo siikubali. Mfugaji wa Kiambu au wa Moshi mwenye ng'ombe wawili zizini hutegemea majani hayo hayo kupata maziwa, na ugonjwa wa kudumaa ulipoingia katika mashamba ya nepia magharibi mwa Kenya, walioumia kwanza ni wafugaji wadogo wa namna hiyo.

Tunaambiwa tuwaige Waingereza wanaolima miskanthasi, aina ya nyasi ndefu, na kuichoma kuzalisha umeme. Lakini wao huvuna mabua makavu mwishoni mwa majira ya baridi, wakati sehemu kubwa ya rutuba imekwisha kurudi kwenye mashina yaliyo chini ya ardhi. Sisi hukata majani mabichi kila baada ya wiki sita hadi nane, na kila mzigo unaotoka shambani huondoka na naitrojeni na potasiamu, ambazo mkulima atalazimika kuzinunua tena dukani kwa jina la mbolea. Majani yakipita kwanza tumboni mwa ng'ombe, samadi ikaingia kwenye mtambo wa bayogesi, familia hupata maziwa, hupata gesi ya kupikia, na tope linalobaki hurudi shambani na sehemu kubwa ya rutuba hiyo. Hiyo nayo ni nishati ya majani, na haimnyang'anyi mtu malisho.

Kuhusu etanoli ya majani, yaani pombe ya kuendeshea magari, Marekani ilijaribu kwa nguvu zote. Januari 2006 Rais George W. Bush alitangaza lengo la kuiwezesha etanoli hiyo kushindana sokoni ndani ya miaka sita, na sheria ya 2007 ikaweka lengo la galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi, yaani nyuzi za mimea, kufikia 2022. Lengo hilo halikukaribiwa, kwa kuwa kuivunja selulosi iliyoshikamana na lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu, ni kazi ghali. Kiwanda cha hapa kwetu kitapata wapi unafuu ambao wao, kwa mitaji yao, hawakuupata?

Makapi ya miwa ni jambo jingine, na hapo sina pingamizi: katika kiwanda cha sukari cha TPC, karibu na Moshi, huchomwa kuzalisha umeme baada ya sukari kutolewa, wala hakuna shamba la ziada linalohitajika.

Anayenipinga naomba anipe hesabu: rutuba itarudishwaje shambani, kwa gharama ya nani, na ng'ombe atakula nini kiangazi kikikaza ilhali majani yameshauzwa kiwandani?