Oda zipo, mkono unashona, lakini kitu kipya hakiji tena. Mwenzangu, ulifanyaje?

MikobaYaUkili (Kisauni) – Jumatatu, saa 3 usiku

Assalaam aleikum wenzangu wa kazi za mikono. Nimezunguka na swali hili tangu masika yaanze na leo nimeamua niliweke hapa. Nyumbani nikilitaja naambiwa nishukuru kwamba kazi ipo. Nashukuru, wallahi, lakini swali halijaondoka.

Nashona mikoba na vikapu vya ukili, ule mkanda wa majani makavu yaliyosukwa, mwaka wa 9 huu. Nilianza na shazia moja, sindano kubwa ya kuungia ukili, na ukili wa pima kumi nilizopewa na mavyaa wangu, mama wa mume. Yeye ni mtu wa misala na makawa ya kufunikia chakula, mkoba hakuwahi kushona. Mkoba wangu wa kwanza nilimuuzia mama mmoja Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, shilingi 400. Ulikuwa na mistari ya zambarau na kijani ambayo sikuipanga. Rangi ya kijani iliniishia sufuriani kabla chane, vile vipande vyembamba vya jani, hazijaenea, nikamalizia kwa zambarau, na yule mama akaipita mikoba yote ya wengine akaja kuushika huo.

Siku hizo nilikuwa silali kwa mawazo. Nikiona jahazi bandari ya zamani, tanga lake lina kiraka cha rangi nyingine, usiku kiraka kile kishaingia kwenye kikapu. Nikienda Mtaa wa Biashara kununua leso za arusi, narudi na pindo kichwani, nalihesabu njia nzima kwenye matatu: korosho, mstari, nukta mbili, korosho.

Miaka 3 iliyopita nikapata duka la hoteli upande wa Nyali. Vikapu 80 kwa mwezi msimu ukiwa mzuri, aina mbili, vipimo vilevile, rangi tatu zilezile, shilingi 650 kimoja. Pesa hiyo imelipa karo na imebadilisha mabati ya nyumba yote. Ili niwahi idadi ilibidi nipange kazi upya. Ukili sasa nanunua Kwale, umeshatiwa rangi na umeshasukwa. Kina mama wawili wananisaidia kuunga. Mimi nakata vipini vya ngozi, natia bitana ya leso, nakagua, napeleka.

Mwezi uliopita msimamizi wa duka akaniuliza kama nina kitu kipya, wageni wataanza kurudi Julai. Nikamwambia anipe wiki. Nikakaa barazani baada ya ishaa, ukili kando, shazia mkononi, chai ya tangawizi. Nikashona kitako, nikakifumua. Nikashona tena. Mpaka saa sita usiku mkono ulikuwa unanirudisha palepale: inchi 12, halafu unapanda. Sikuuongoza, ulikwenda wenyewe. Nililia, nasema kweli.

Mtu asiniambie nipumzike. Sasa hivi hoteli ziko tupu, oda imeshuka mpaka 35, wakati ninao. Na msinitume kwenye picha za simu, nimeshajaribu. Natazama vikapu vya watu saa nzima, nikifunga simu natamani kazi yao na yangu siitaki tena.

Nyinyi mnaoishi kwa mikono yenu, jicho la kazi mnalifanya nini lisilale?

---

TezoNaPatasi (Changamwe) – Jumatatu, saa 4 usiku

Pole sana dada. Mimi ni mchongaji, mwaka wa 22.

Kwetu Ukambani kila mchongaji amesimuliwa habari za Mutisya Munge wa Wamunyu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alifika Tanganyika, akawaona wachongaji wa kule, akarudi na ufundi ule nyumbani. Wazee wetu walikuwa wakichonga viti, vijiko na mizinga ya nyuki. Hizi sanamu unazoziona zimejaa Mombasa zilifuata baada yake. Hakukaa kwenye baraza yake akisubiri wazo.

Langu ni hili. Nilianza na mpingo. Mpingo ukawa haba, bei ikapanda, wengi wetu tukahamia mwarobaini na mwembe. Nikachukua mwarobaini kabla haujakauka vizuri nikachonga twiga sita kama nilivyozoea. Wote walipasuka shingoni. Wiki mbili nilikuwa na hasira na ule mti. Halafu nikaona ukichongwa mnene na mviringo unatulia, na ndani una mistari mizuri ya kahawia. Nikaanza mabakuli. Leo mabakuli ndiyo yanayonilisha kuliko twiga. Mimi sikubuni bakuli, dada. Mti ulibadilika, mkono ukalazimika kuufuata. Badilisha kile unachokishika.

---

PochiZaLeso (Bondeni) – Jumanne, asubuhi

Dada, nakuuliza la pesa kwa sababu hakuna atakayekuuliza. Katika 650, ukitoa ukili, ngozi, bitana, kina mama wawili na nauli, unabaki na ngapi? Na kitako ulichokifumua usiku ule kililipiwa na nani? Kama kililipiwa na pesa ya unga, mkono unajua. Unarudi kwenye inchi 12 kwa sababu inchi 12 imeshanunuliwa.

Mimi nashona pochi na mifuko ya leso. Kila oda ikilipwa, asilimia 5 naihamishia laini nyingine ya simu. Naiita pesa ya kuharibu. Nikikata leso nzima ikatoka kitu cha ovyo, sijamkosea mtu. Ikiisha nangoja oda nyingine. Tangu nianze hivyo nakata bila kushika pumzi.

Na usilaumu vipimo vya hoteli. Leso ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina lililoandikwa, haijawahi kupata kitu cha nne. Mtaa wa Biashara wanauza leso tangu zamani, Mali ya Abdulla wapo tangu 1887, na bado kila nikipita nakuta mpya inayonisimamisha mlangoni.

---

HinaNaPiko (Majengo) – Jumanne, mchana

Mimi nachora maharusi. Mwezi wa Shaabani kwetu hakuna kulala, mikono ya watu mpaka alfajiri, na kila bibi arusi analeta picha ileile. Nikirudi na hina imebaki kwenye koni, namchorea binti yangu mguu mmoja. Anachagua yeye, ana miaka 7. Juzi alitaka pweza. Nikamwambia pweza hachorwi na hina, akasema mnyooshe mikono iwe maua. Pweza huyo nimeshawachorea maharusi wanne, hakuna aliyemjua.

---

BibiWaKibokoni – Jumanne, baada ya alasiri

Mwanangu, anayenisomea ni mjukuu, na yeye ndiye anayeandika. Nimemwambia arudie maneno yako mara mbili.

Umesema mkoba wako wa kwanza rangi ya kijani ilikuishia sufuriani. Hiyo sufuria siku hizi iko wapi?

---

MikobaYaUkili – Jumatano, saa 12 jioni

Shukran nyote. Kaka wa Changamwe, habari ya twiga imeniingia. Dada wa Bondeni, nimepiga hesabu jana usiku. Nabaki na 140 kwa kikapu, na kweli sijawahi kutenga hata shilingi ya kuharibu. Nimeanza leo. Dada wa hina, mnibusie binti.

Bi mkubwa, swali lako nilikutana nalo kwenye feri ya Likoni nikitoka kuchukua ukili. Nilisoma, nikainua macho, nikatazama mzigo uliokuwa miguuni pangu. Umekunjwa vizuri, mwekundu, mweusi, mweupe. Mama aliyeusuka ni fundi mkubwa, namheshimu. Lakini nyekundu gani ikae na nyeusi ipi, na nyeupe iingie wapi, ameshaamua yeye na sufuria yake. Unaponifikia mimi, kilichobaki ni kuzungusha na kuunga. Kwa miaka 3 nimekuwa nikitafuta kitu kipya kwenye umbo la kikapu, na mimi umbo sikuwahi kuwa mtu wake. Mimi nilikuwa mtu wa rangi.

Sufuria iko chini ya kitanda cha mavyaa, imewekwa makaa. Nilipoitoa hakuniuliza kitu. Aliondoka akaleta chane za miyaa mikavu, majani ya kusukia, alizokuwa nazo za msala, akaziweka mlangoni.

Rangi ya unga sikuwa nayo, nikatia manjano ya jikoni vijiko vinne. Zikatoka kama ndizi mbivu. Halafu nikakumbuka fulana ya mtoto iliyomwagikiwa mchuzi, nikiifua kwa sabuni doa la njano hugeuka jekundu. Nikachota magadi kijiko cha chai, nikatupia sufuriani. Wenzangu, ile njano ikageuka nyekundu ya tofali mbele ya macho yangu, ikianzia pale magadi yalipoangukia na kutambaa. Nikazitoa chane nusu ziko huku nusu ziko kule. Mavyaa alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema "Ee!"

Nimezisuka usiku huohuo. Bado sijui ni za kitu gani.

---

BibiWaKibokoni – Jumatano, usiku

Nimefurahi. Lakini hizo usimuuzie mtu, mwanangu. Manjano hata ukiyatia shabu ya kushikisha rangi, jua litayachukua, na huo wekundu wa magadi ukiguswa na ndimu hurudi njano. Kaa nazo ujifunzie.

Ukitaka wekundu unaokaa, tafuta magome ya mkoko. Usibandue mti ulio baharini. Huo ukibanduliwa hufa, na mikoko haikatwi bila kibali. Nenda kwa wauza boriti za mikoko, magome hudondoka chini na hayana mwenyewe. Yatwange, yaloweke usiku mmoja, yachemshe mpaka maji yawe kama chai iliyokolea, ndipo utie chane. Zikishashika, toa kidogo uzitie kwenye maji yaliyolala na misumari yenye kutu. Zitageuka nyeusi ya moshi. Sisi nyeusi ya kweli tuliipata kwa mizizi ya mdaa, lakini siku hizi hata kuiona ni kazi. Na anika kivulini.

Sufuria ya rangi isirudi jikoni.

---

TezoNaPatasi – Jumatano, usiku

Bi mkubwa, mimi nami nimeyaandika hayo ya misumari. Kuna mabakuli nitayajaribu.

---

MikobaYaUkili – Jumapili ya wiki ya tatu, saa 2 usiku

Nimerudi na habari, nyingine nzuri na nyingine bado.

Magome nilipata gunia nusu. Muuza boriti aliniuliza naumwa nini, alidhani ni dawa. Nimefanya kama Bi mkubwa alivyosema, na nimeyafanya Alhamisi tatu mfululizo, kwa sababu Jumatano napeleka oda na Alhamisi hakuna anayenidai. Sufuria moja tu kila Alhamisi. Ukili wa hoteli bado unatoka Kwale, sitawakatia kina mama riziki yao kwa sababu mimi nimeipata sufuria yangu.

Rangi ya mkoko si nyekundu kama ya unga. Ni rangi ya chungu kipya, na kila chane imeshika kwa namna yake, upande wa juu wa jani umekubali zaidi. Nilipochovya ncha tu kwenye maji ya misumari, nyeusi ilipanda kidogo juu ya mstari wa maji ikaishia kama ukungu. Nikaogopa kuisuka nikidhani itapotea. Haikupotea. Ukisuka, zile ncha zinaangukia mahali tofauti kila safari, ukili unakuwa na kivuli kinachotembea. Nimezungusha ukili ule kwenye umbo lilelile la inchi 12, sikubadilisha hata nusu inchi, na sikuona hoteli ndani yake.

Nilipeleka vitatu. Msimamizi alichukua kimoja akakigeuza muda mrefu, akasema ataanza na sita, kwa 1,100. Cha pili akasema ni cheusi mno. Cha tatu aliniomba nikirudie kwa zile rangi tatu za kawaida, nikamwambia hicho hakirudiwi, akanyamaza, nami nikanyamaza. Nimekirudisha nyumbani. Mavyaa anatilia ndimu zake.

Mavyaa naye Alhamisi iliyopita alikuja na kigoda chake akakaa kwenye moshi, akaanza kunieleza jinsi mama yake alivyokuwa akifunga fundo katikati ya chane kabla ya kuitia rangi, ili mahali pa fundo pabaki peupe. Miaka 9 tuko nyumba moja hajawahi kunitajia, na mimi sikuwahi kuwa na sufuria motoni ya kumkumbusha. Alhamisi hii tunafunga mafundo.

Sasa nina shida nyingine, na hii nataka jibu kabla ya siku hiyo. Miyaa meupe niliyonunua fungu la pili yameanza kutoa vidoa vya ukungu, na kwa unyevu huu wa kusi jua halikai nje saa nzima. Nimeyatundika jikoni karibu na jiko la makaa lakini naogopa yatashika moshi na kukataa rangi. Aliyewahi kuhifadhi miyaa mpaka kusi liishe, uliyaweka wapi, na uliyafunga kwa kitu gani?