Mrejesho: mbao za mgongo wa kiti zilizokuwa zinakatika

Wakuu, mwezi uliopita nililalamika kwamba mbao zinakatika kila nikizipinda, hata nikiziloweka usiku kucha. Mliosema shida ni joto, si maji, mlikuwa sahihi. Safari hii nimezipasha kwa mvuke kabla ya kuzipinda: ubao ndani ya bomba la bati, mvuke ukitoka kwenye debe la maji linalochemka juu ya jiko la mkaa, matambara yakiziba mdomo wa bomba na upenyo mdogo wa kutolea mvuke. Ubao wa milimita 25 ulikaa humo saa nzima. Ukiutoa, harakisha kuubana kwenye kalibu (umbo la kuupindia), hauna subira, unapoa upesi (kidole gumba changu ni shahidi). Wa kwanza ulipasuka palepale penye jicho (alama ya tawi). Wa pili, nilipoufungua kwenye kalibu baada ya siku nne, ulifyatuka (ulijinyoosha) kidogo tu. Miguu nimeiunga kwa ulimi na tundu (ncha ya mti mmoja inaingia kwenye tundu la mwingine), sijagonga msumari hata mmoja.