Mrejesho: mfumo wa ada wa PHP, nimeanza na testi

Wakuu, ni mimi niliyeuliza jinsi ya kusafisha msimbo wa mfumo wa ada za shule: faili moja la PHP limebeba HTML, hesabu na maswali ya MySQL (hifadhidata yetu), testi (msimbo unaokagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa) hakuna. Mliosema nisiuandike upya, asanteni sana.

Nilianza na testi za PHPUnit (zana ya testi za PHP) zinazoshika tabia ya mfumo ilivyo, hata pale ilipokuwa ya ajabu. Ndipo nikahamishia hesabu ya salio kwenye klasi yake (kipande cha msimbo kinachojitegemea), kidogokidogo, testi zikiendeshwa kila hatua. Testi ya ada inayolipwa kwa awamu tatu ikaumbua kitu: pesa zilikuwa float (namba za desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria), na kwenye PHP 0.1 + 0.2 si sawa na 0.3, hivyo mzazi aliyemaliza ada alionekana bado anadaiwa! Sasa tunahesabu senti kwa namba nzima, na baki la kugawanya ada linaingia awamu ya mwisho. Punguzo la ndugu, ambalo ni jipya, nimeliandika testi kwanza, ikafeli, kisha msimbo.

Ushauri wa kutumia SQLite (hifadhidata nyepesi) badala ya MySQL kwenye testi sikuufuata. SQLite haijali kikomo cha urefu wa VARCHAR (safu ya maandishi), MySQL inajali. Testi zingepita halafu seva igome.

Ripoti za PDF bado sijazigusa. Aliyewahi kuziandikia testi anisaidie.