Mjadala: Anayefanya kazi za mtandaoni akiwa Bangkok, kodi alipe wapi?

MLETA MADA (Bangkok)

Wakuu, kuna hoja inayorudiwa sana na sisi wa kazi za mtandaoni tunaoishi hapa Bangkok. Mwajiri yuko London au Berlin, mshahara unatoka huko, hapa tunakuja kutumia tu, kwa hiyo Thailand haina haki ya kudai kodi ya mapato. Wenye hoja hiyo wanaongeza kwamba VAT ya 7% tunailipa kila siku na inatosha. Mimi nafanya kazi hizo hizo, naishi Phra Khanong, na nasema haitoshi. Tunapaswa kulipa.

Kwa wasioijua sheria: Julai 2024 Thailand ilianzisha viza inayoitwa DTV. Ada yake ni baht 10,000 (baht ndiyo sarafu ya hapa), inadumu miaka 5, na kila ukiingia unapewa siku 180. Unatakiwa uwe na akiba ya baht 500,000 na uthibitishe kwamba una kazi au wateja nje ya nchi. Upande wa kodi, aliyekaa siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda anahesabiwa mkazi, na pato alilochuma nje kuanzia 1 Januari 2024 linatozwa kodi akiliingiza nchini, hata akiliingiza miaka ya mbele. Zamani ilitosha kuliacha benki ya nje mpaka mwaka ugeuke, ukilileta baada ya hapo hudaiwi kitu.

Sasa njoo kwenye mikahawa ya Ekkamai na Ari mwaka unapokaribia kuisha, utawakuta watu wanahesabu siku. Anayekaribia 180 anakata tiketi ya Da Nang kule Vietnam au Kuala Lumpur, anamalizia mwaka huko, Januari anarudi. Ni halali, na simwiti mtu mwizi. Ninachouliza ni kama ni haki.

Hiyo VAT tunayojivunia nayo tuiangalie vizuri. Matumizi yetu makubwa kuliko yote ni pango, na pango la nyumba ya kuishi halina VAT. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi baht milioni 1.8 kwa mwaka halazimiki kujisajili. Kwa hiyo wali na kuku unaoununua kwa mama ntilie asubuhi, bodaboda wa kizibao cha rangi ya chungwa anayekupeleka kituo cha treni, fundi anayekupunguzia suruali, kote huko hulipi hiyo 7%. Inabaki dukani, kwenye mikahawa ya viyoyozi na kwenye bili. Ndicho tunachokiita mchango wetu kwa jiji.

Na jiji linatubeba. Mvua za Septemba zikikaza, maji mtaani kwetu yanapanda hadi magotini. Yanashuka kwa sababu kuna mashine za kuyavuta, na kwa sababu kabla ya msimu wafungwa huletwa kusafisha mitaro. Niliwahi kusimama nikawaangalia: mmoja yuko ndani ya shimo, tope limemfika kifuani, anajaza ndoo, wenzake juu wanaivuta kwa kamba, wanamwaga tope jeusi kwenye gari, ndoo inarudi chini. Mtaro huo unapita chini ya jengo ninaloishi. Mimi saa tisa alasiri nafungua kompyuta, London wakiwa ndiyo wanaingia kazini, saa tano usiku nafunga, na kwenye mshahara huo hakuna kilichokatwa kwa ajili ya jiji hili.

Chumba kimoja chenye choo karibu na kituo cha treni, maeneo haya, ni kati ya baht 10,000 na 15,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara Bangkok tangu 1 Julai 2025 ni baht 400 kwa siku. Piga hesabu ya siku 26: ni baht 10,400. Mhudumu anayekuletea kahawa hawezi kulala karibu na pale anapoileta.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ipo viza nyingine, LTR, ya miaka 10, iliyoanza Septemba 2022. Mfanyakazi wa mbali anayeiomba anatakiwa kwa kawaida awe na pato la dola 80,000 kwa mwaka, na akishaipata, pato lake la nje limesamehewa kodi kisheria. Yaani mwenye nacho zaidi ndiye asiyedaiwa. Karibuni.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Ndugu mleta mada, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Pango la Bangkok halikupandishwa na watu wa kompyuta. Treni ya juu ilianza Desemba 1999, na tangu hapo kila kiwanja kando ya reli kimekuwa dhahabu. Wajenzi wakajenga maghorofa ya kuuzia wawekezaji, wakiwemo wa China, na mengi yana vyumba vitupu mpaka leo. Sheria inaruhusu wageni kumiliki hadi 49% ya eneo la jengo la apatimenti. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kuchunguza uwezekano wa kufika 75%, wananchi walipiga kelele kwamba nchi inauzwa. Hasira yao ilikuwa kwa wanunuzi. Mpangaji wa mwaka mmoja anaingiaje hapo?

La pili, kodi huenda na haki. Mwenye DTV hana kura. Hawezi kumiliki ardhi. Kila akikaa siku 90 mfululizo lazima aripoti uhamiaji alipo. Ile bima ya afya ya umma iliyoanzishwa kwa ajili ya Wathai, maarufu kwa ada yake ya baht 30 kwa kila matibabu, haimhusu, akiumwa anajilipia hospitali binafsi. Unataka alipie nini?

La tatu, usituweke kapu moja na Mzungu. Baht 500,000 ni karibu shilingi milioni 2 za Kenya. Kwa programa wa huku hiyo ni akiba ya miaka, na bado kila mwezi anatuma pesa nyumbani. Ukimkata kodi Thailand, ada ya shule ya mdogo wake ndiyo inayopungua.

Halafu fikiria na kwetu. Oktoba 2024 Kenya ilitangaza kibali chake cha wafanyakazi wa mtandaoni. Tunataka waje Kilimani hapa Nairobi na Diani kule pwani watumie pesa zao. Tukianza kuwakaba kodi siku ya kwanza, wataenda Kigali.

MCHANGIAJI (Mwanza)

Wakuu, samahani nikiingilia kati. Kuna vijana watasoma hapa "Bangkok" na "kazi za mtandaoni" waone neema. DTV ni ya mtu ambaye kazi anayo tayari, iko nje ya Thailand, na anaithibitisha kwa karatasi. Ukiambiwa kazi ya kompyuta inakusubiri Bangkok, tiketi unalipiwa, mshahara wa dola, shituka. Ndugu zetu kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na hapa Tanzania walipokelewa uwanja wa ndege, wakapakiwa gari mpaka Mae Sot, wakavushwa mto kuingia Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Februari 2025 Thailand ilikata umeme unaokwenda miji ile ya mpakani, ndipo maelfu wakaanza kutolewa. Kama gari linaelekea Mae Sot, hiyo si Bangkok. Endeleeni.

MLETA MADA (Bangkok)

Mkuu wa Mwanza, ubarikiwe. Mwenye kijana nyumbani amsomee hayo.

Ndugu wa Nairobi, kuhusu vyumba vitupu nakubaliana nawe, pango lina baba wengi. Lakini jibu lako kwamba asiye na haki asilipe linaniacha na swali. Majengo haya tunayopanga yamejengwa kwa sehemu kubwa na vibarua kutoka Myanmar, Kambodia na Laos. Hawana kura. Hawana ardhi. Nao huripoti, na kibali chao kimefungwa kwa mwajiri. Walioandikishwa rasmi wanakatwa 5% ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii, mshahara ambao mara nyingi ndio ule wa kima cha chini, na wao pia wana wadogo zao wa kusomesha. Tetemeko la 28 Machi 2025 lilipoangusha jengo la serikali lililokuwa likijengwa Chatuchak, miongoni mwa waliofunikwa na kifusi walikuwemo watu hao. Kama hoja ya kura inatusamehe sisi, kwa nini haiwasamehi wao?

Mimi napendekeza hivi. Msamaha wa LTR ufutwe. Mwenye DTV atozwe mchango wa kila mwaka unaolingana na kipato chake, ulipwe hata kama amekaa siku 100, ili huu mchezo wa kuhesabu siku uishe, na uende kwenye mfuko wa jiji moja kwa moja. Programa wa Nairobi mwenye kipato kidogo alipe kidogo au asilipe kabisa. Hapo hoja yako ya tatu naichukua yote. Na akilipa aruhusiwe kujiunga na bima ya afya ya umma kwa bei inayojulikana.

Kuhusu Kilimani: mwenye nyumba akiamua kupangisha kwa dola, na mwalimu aliyekuwa akiishi pale akahamia Rongai nje ya jiji, huyo mgeni wenu wa mtandaoni atakuwa amemwachia nini mwalimu huyo? Nasubiri jibu lako, na la yeyote anayepangisha au kupanga maeneo hayo.