Utangulizi wa paleontolojia: nianze na kozi ya jiolojia au ya biolojia?

Mwanagenzi
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa waliopitia njia hii. Chuoni kwetu paleontolojia ya awali (elimu ya viumbe wa kale) inafundishwa na idara mbili, na ratiba zinagongana, kwa hiyo muhula huu ni lazima nichague moja. Ya jiolojia ina matabaka ya miamba, umri wake, visukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa miambani) vya wanyama wasio na uti wa mgongo, na safari ya uwandani. Ya biolojia ina mifupa, mageuko ya viumbe na kuchora miti ya ukoo. Ninachokipenda hasa ni wanyama wakubwa wa kale, ndiyo maana moyo unavutwa na biolojia. Mngenishauri nini?

Tabaka_la_Chini
Jiolojia, bila kusita. Kisukuku kikitolewa ardhini bila kuandikwa kilikuwa tabaka lipi, sehemu kubwa ya habari yake imepotea na hairudi tena.

Angalia suala la umri tu. Wengi huingia darasani wakiamini mfupa wa dinosau hupimwa kwa kaboni 14. Kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikifika miaka 50,000 inakuwa imebaki kidogo mno kupimika. Dinosau, ukiacha ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka lenye mfupa: ndani yake mna punje za madini ya zirkoni zenye urani inayogeuka polepole kuwa risasi, ile metali, kwa kasi inayojulikana. Mfupa umebanwa katikati, nawe unajua umri wake hauzidi huu wala haupungui ule. Bila kuelewa hili utakuwa unakariri namba tu.

Na wasio na uti wa mgongo usiwadharau. Amonaiti, wanyama wa kale wa baharini wenye ganda, walienea bahari nyingi, lakini kila spishi ilidumu muda mfupi kwa hesabu za jiolojia. Ukikuta spishi ileile katika miamba ya mabara mawili, unajua miamba hiyo ni ya rika moja.

BintiMifupa
Naheshimu alichosema mkuu hapo juu, ila mimi nilianzia biolojia na ningeanzia hukohuko tena. Chukua Tiktaalik, samaki aliyepatikana mwaka 2004 kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, kwenye miamba ya miaka milioni 375 hivi. Alikuwa na magamba na mapezi, lakini pia shingo, kichwa bapa, na ndani ya pezi mifupa iliyopangika kama ya mkono. Asiyejua anatomia angeona samaki tu. Aliyejifunza kufuata mfupa mmoja kutoka pezi la samaki hadi bawa la ndege anaona kiumbe kilichokuwa njiani kuelekea nchi kavu.

Tabaka_la_Chini
Mfano mzuri sana, dada, lakini kumbuka waliompata walifikaje Ellesmere. Walitafuta kwenye ramani za kijiolojia miamba ya umri unaofaa, iliyowekwa na mito ya kale na iliyo wazi juu ya ardhi. Ramani ndiyo iliyowapeleka.

BintiMifupa
Kweli, hilo sikatai.

Hadubini
Mimi nasimamia vipindi vya maabara vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kabla ya jina la idara, ulizia swali moja: je, wanafunzi wanashika vielelezo kwa mikono yao, au wanaonyeshwa picha ukutani?

Zoezi moja tunalolipenda ni kumpa mwanafunzi ganda la brakiopodi na la kombe, wanyama wa majini wenye maganda mawili. Kwa haraka yanafanana. Tunamwambia aligeuze, atafute mstari unaoligawa sawasawa. Kwenye brakiopodi mstari unapita katikati ya ganda lenyewe: kushoto na kulia ni sawa, ila ganda la juu na la chini hayalingani. Kwa kombe walio wengi ni kinyume: maganda mawili yanalingana, lakini kila moja limepinda upande. Kisha anachora kwa penseli, na hapo ndipo macho yanapofunguka, kwa sababu huwezi kuchora usichokitazama. Picha haimfikishi huko.

Kwa anayetaka wanyama wakubwa, ningesema jiolojia sasa, anatomia muhula ujao. Kozi za juu za wenye uti wa mgongo kwa kawaida hudai zote mbili.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Nimeuliza: jiolojia wana maabara kila wiki na vielelezo vya kushika, biolojia muhula huu ni mihadhara tu. Najiandikisha jiolojia. Swali la mwisho: yale majina ya Kilatini na vipindi vya kijiolojia mnavishikaje?

Hadubini
Vipindi, jifunze kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu, Kambri kwanza, na kila kimoja kifungamanishe na kisukuku ulichokishika. Trilobaiti, wanyama wa kale wa baharini wenye mwili wa pingili, kwa mfano, usiwatafute juu ya mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita; hawakuvuka. Majina ya Kilatini yatakuja yenyewe ukiyaandika chini ya michoro yako.